Sura ya Tisa: Pamba Alipokaa Mbele ya Jaji

Pamba alikaa.

Kwa mbwa mwingine yeyote hilo lingekuwa jambo la kupigiwa makofi. Watu huwaleta mbwa wao kwa Mwalimu kutoka kila pembe ya mji wafundishwe hilo hilo: ukisimama, mbwa akae, ukisema "ngoja", angoje, ukisema "njoo", aje bila kupitia kwanza kwenye pipa la taka. Lakini leo Pamba hakuwa darasani. Alikuwa katikati ya zulia la kijani, kwenye ukumbi wa maonyesho, watazamaji wamejaa pande zote nne, na jaji wa kike mwenye miwani ya mnyororo alikuwa amebakiza hatua mbili amfikie. Mbwa wa maonyesho hakai mbele ya jaji. Husimama. Husimama kama sanamu, miguu minne imepangwa, kichwa juu, mkia umenyooka, hata nzi akimtua puani. Pamba, mweupe pe, mkubwa kama ndama, aliteremsha makalio yake kwenye zulia taratibu, kama mgeni aliyeonyeshwa kochi, akamtazama jaji kwa mapenzi yake yote.

Watu wakacheka. Hawakuwa na ubaya. Hata jaji mwenyewe alitabasamu. Ambaye hakutabasamu ni yule aliyemshika kamba. Alipiga goti, akapitisha mkono chini ya tumbo la Pamba, akamwinua. Pamba akasimama. Jaji akanyoosha mkono ampapase mgongo. Pamba akakaa tena.

Nyuma ya uzio wa watazamaji alisimama Mwalimu. Ukumbi mzima ulimwona mbwa aliyekosea. Yeye peke yake alijua kwamba Pamba hakukosea hata chembe. Alikuwa amefanya kile alichofundishwa, na aliyemfundisha alikuwa yeye.

Yule aliyeshika kamba walimwita Fundi. Hakuwahi kushona hata kifungo maishani mwake. Jina lilitokana na ile kamba nyembamba ya maonyesho aliyoitundika shingoni mchana kutwa, kama fundi cherehani na utepe wake wa kupimia. Kazi yake ilikuwa kuwaingiza mbwa uwanjani na kuwaonyesha kwa majaji, na wengi wao walikuwa wa mama yake mzazi. Mama huyo alikuwa amefuga mbwa weupe kwa miaka ishirini na minane, na alikuwa na imani moja ambayo hata tetemeko lisingeitikisa: mbwa wa maonyesho asifundishwe kukaa. Akishaonja raha ya kukaa, alisema, atakaa popote, hasa pale usipomtaka akae.

Halafu, mwaka jana, Pamba alimwona paka. Mwisho wa pili wa kamba alikuwepo mama. Aliburutwa kutoka mlangoni hadi getini, kifundo cha mkono kikavunjika, na kwa wiki sita alizofungwa plasta mwanawe ndiye aliyemfunga vifungo na kumchana nywele. Alimchana kama anavyowachana mbwa, mama alilalamika, kasoro hakumpaka poda. Plasta ilipotoka, Fundi alimchukua Pamba akampeleka kwa Mwalimu. Alisimama mlangoni mwa darasa, suruali imejaa manyoya meupe mpaka mapajani, akauliza kama kuna namna mbwa anaweza kujifunza adabu za nyumbani bila kusahau zile za uwanjani.

Mwalimu alimjibu kwamba namna ipo, ila kwa mikanda miwili. Ule mpana wa ngozi, mzito, unaofungwa chini ya shingo, ni wa nyumbani: ukiuvaa huo, tukisimama unakaa. Ile kamba nyembamba, inayopanda juu mpaka nyuma ya masikio, ni ya maonyesho: ukiivaa hiyo, tukisimama unasimama. Mbwa hajui saa wala tarehe, lakini shingo yake ina kumbukumbu. Sharti lilikuwa moja, na Mwalimu alilisema ameinua kidole, kwa sauti ile anayowatishia wenye mbwa: vitu hivyo viwili visichanganywe hata siku moja.

Mama alikubali shingo upande. Ikawa kila Jumanne na Ijumaa jioni Fundi anamleta Pamba. Mwanzoni alibaki pembeni kutazama mbwa anavyofundishwa. Baada ya mwezi alikuwa bado anabaki kutazama, ila si mbwa. Mwalimu naye, mtu aliyezoea kuwakaripia watu wazima mbele ya wake zao, alianza kukosea mpangilio wa somo lake mwenyewe kila macho yao yalipogongana juu ya kichwa cheupe cha Pamba. Kufika mwezi wa tatu Pamba ndiye pekee aliyekuwa bado mwanafunzi. Wale wawili walishahitimu.

Fundi alipomwambia mama yake kwamba anataka kumwoa Mwalimu, mama alishinda siku mbili nzima akiwalisha mbwa na kufua matandiko yao. Siku ya tatu akatoa hukumu. Siku atakayomwona Pamba amesimama mbele ya jaji kama alivyolelewa, mwalimu huyo aje nyumbani waongee kama watu. Pamba akiharibika, basi wasimletee habari hizo tena. Mtu anayeharibu mbwa ndani ya miezi mitatu, mtoto wa mtu atamfanyia nini ndani ya miaka thelathini? Dada yake Mwalimu, aliyekuwa akikaa naye, aliposikia sharti hilo alicheka mpaka akaacha vyombo kwenye sinki. Alisema ameona watu wanapakia ndoa zao kwenye elimu, kwenye sura, kwenye ukoo, lakini ndoa kupakiwa kwenye makalio ya mbwa, hiyo ni mara ya kwanza.

Kila kitu kingekwenda sawa kama Mwalimu asingechoka.

Na uchovu wenyewe haukuwa ule wa kulala ukaamka umekwisha. Mbwa wanane kwa siku, kila mbwa na mwenyewe, na mwenyewe ndiye mgumu kufundishika. Goti la kulia lilikuwa linalia kama bawaba. Kidole gumba kilikuwa kimevimba kwa kuvutwa na mbwa wa daktari mmoja wa meno. Jumanne moja Pamba alifika moja kwa moja kutoka mazoezi ya uwanjani, kamba nyembamba bado iko shingoni. Mkanda wa ngozi ulining'inia pale ukutani, na kifungo chake cha chuma kilikuwa kigumu, kilihitaji gumba zima. Fundi alikuwa ametoka nje kupokea simu. Mwalimu akautazama mkanda, akakitazama kidole, akasema moyoni: leo tu. Akasema "kaa" na kamba ya maonyesho. Pamba akashangaa kidogo, kisha akakaa, akapewa kipande cha maini makavu.

Ijumaa ikawa leo tu nyingine. Mara sita kwa jumla, wiki tatu, kila mara Fundi akiwa nje na simu yake.

Wiki ya nne Fundi alikuja akiwa amenyong'onyea. Pamba ameanza kukunja miguu ya nyuma uwanjani. Alifikiri kosa ni lake. Labda mkono wake umekuwa mzito, labda una hofu na mbwa anaisikia kupitia kwenye kamba. Akaanza kuamka saa kumi na moja alfajiri kufanya mazoezi na Pamba uani kabla ya kazi. Mwalimu alisikiliza yote. Alirudia mikanda miwili siku ile ile, kimyakimya, akiwa na matumaini kwamba siku kumi zilizobaki zitafuta alichokiandika. Lakini kusema hakusema.

Sasa alikuwa anawafuata nyuma, Fundi na Pamba, wakitoka uwanjani mikono mitupu kuelekea kule nyuma ya ukumbi wanakoandaliwa mbwa. Kulikuwa na meza za kuchania, mashine za kukaushia manyoya zinanguruma, na poda nyeupe imetanda hewani. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kukunja, mkoba mapajani. Alikuwa ameona kila kitu kupitia upenyo wa pazia.

Pamba alimwendea, akaweka kidevu juu ya mkoba. Mama alimkuna sikio bila kumtazama.

"Haya," akasema. "Niambieni."

"Ni mkono wangu, mama," Fundi akasema. "Umekuwa mzito. Nimejaribu kuurekebisha, haurekebiki. Mbwa hana kosa, na Mwalimu hana kosa."

"Mkono huo huo uliomsimamisha mama yake Pamba mara kumi na moja?"

"Mikono nayo inazeeka."

"Una miaka thelathini na mbili."

Fundi alimvua Pamba ile kamba, akaizungusha kiganjani, na safari hii hakuitundika shingoni. Aliiweka mezani. Alisema amefikiri sana asubuhi hizi za mazoezi. Mbwa wengine watatu watakaoonyeshwa mwezi ujao, mama amtafute mtu mwingine awashike. Yeye atabaki kuosha na kulisha. Aliyasema hayo bila uchungu, kwa sauti ya mtu anayetaja vitu vya kununua dukani, na sauti hiyo ndiyo iliyommaliza Mwalimu. Fundi angelalamika, pengine Mwalimu angevumilia kunyamaza tena.

"Si mkono wake, mama," akasema. "Ni mimi."

Mashine ya meza ya jirani ilizimwa wakati huo huo, kana kwamba na yenyewe imetaka kusikia.

"Nilimfundisha kukaa na kamba ya maonyesho. Niliwaambia wote wawili isifanyike, halafu nikafanya mwenyewe."

"Mara ngapi?"

"Sita."

"Kwa sababu gani?"

Mwalimu alitafuta sababu yenye heshima. Hakuipata. "Kile kifungo cha mkanda wa ngozi kilikuwa kigumu. Nilikuwa nimechoka."

Mama alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia viatu kupanda juu, kama jaji anayetafuta mguu uliopinda.

"Umenifikisha hapa," akasema hatimaye, "na hata uongo mzuri hukuniandalia."

Alinyanyuka kwa kushika meza. Akatoa mkanda wa ngozi na kamba yake kwenye mfuko wa vifaa, akamvika Pamba. Kifungo kilimshinda mara ya kwanza. Kikamshinda ya pili. Mara ya tatu kiliingia, naye akapuliza vidole vyake, akamtupia Mwalimu jicho moja la pembeni ambalo halikuwa la hasira wala la msamaha. Kisha akasema anakwenda kungoja garini, wao wabebe vitu, na akashika njia na mbwa wake.

Fundi alipiga hatua ya kumfuata. Hakuwa amemruhusu mama yake kumshika Pamba tangu ajali. Lakini mama alishafika mlangoni. Kigari kilichobeba vizimba kilikatiza mbele, na ndani ya vizimba paka wa maonyesho mengine walikuwa wanatoa macho. Mama akasimama. Pamba akakaa kando ya mguu wake, masikio yamesimama, mwili wote unatetemeka kwa hamu, makalio hayakunyanyuka. Kigari kikapita. Mama akasema neno ambalo hawakulisikia, wakatoka nje wote wawili taratibu, kamba imelegea.

Wakabaki na meza, mabrashi na poda.

Fundi alianza kufuta meza. Alifuta mahali pamoja kwa muda mrefu kuliko palivyohitaji.

"Ulijua tangu lini?" akauliza.

"Tangu uliponiambia anakunja miguu."

"Siku ile nilikuonyesha mikono yangu."

"Ndiyo."

"Ukaishika."

"Ndiyo."

"Ukaniambia Pamba bado anakua, atatulia."

Mwalimu aliikumbuka jioni ile vizuri kuliko alivyotaka. Mikono ilikuwa ya joto, mikavu, yenye vijikovu vidogo vya meno ya watoto wa mbwa, na wakati anaishika alikuwa amefikiria jambo moja tu: kwamba akisema, hatapewa kuishika tena.

"Kombe sijali," Fundi akasema. "Makombe tunayo, mengine mama anapandia maua. Lakini siku kumi nimesimama uani gizani nikijiuliza nimepatwa na nini. Nilifikia kujipima kwa kushika glasi ya maji nione kama inatikisika. Na wewe ulikuwa na jibu mfukoni."

"Niliogopa."

"Ulimwogopa mama?"

"Mama yako, ndiyo. Lakini zaidi wewe. Wewe unanitazama kama mtu asiyekosea. Hakuna mwingine anayenitazama hivyo. Dada yangu ananitazama kama mdaiwa wa zamu ya vyombo. Nilitaka uendelee kidogo."

"Sikukutazama kwa sababu hukosei." Akaacha kitambaa. "Nani alikwambia hivyo?"

Alikaa juu ya sanduku la vifaa, viwiko magotini, na kwa mara ya kwanza Mwalimu aliona jinsi siku kumi zile zilivyomla. Weusi ulikuwa umezama chini ya macho. Poda ilimkaa nyusi zote mbili, akaonekana mzee wa kuchekesha, na katika siku nyingine yoyote Mwalimu angempangusa. Leo alikaa kwenye ukingo wa meza, hatua moja kutoka kwake, mikono ameiweka mapajani mwake mwenyewe.

Kutoka uwanjani makofi yalisikika. Mbwa wa mtu mwingine alikuwa amesimama vizuri.

"Sikiliza," Fundi akasema. "Nataka kukukasirikia. Nataka nikukasirikie sawasawa, nitembee huku na huku, niseme maneno, pengine nipige meza. Unastahili. Lakini nimechoka, Mwalimu. Nikianza sasa nitaishia katikati, itakuwa hasira ya ovyo."

"Itunze, basi. Nitakuja kesho unikasirikie."

Aliinua uso. "Utakuja?"

"Nitakuja. Na isipokwisha kesho, nitakuja kesho kutwa. Sina utetezi, kwa hiyo haitachukua muda mrefu kwa upande wangu."

"Kwa upande wangu itachukua."

"Sawa."

"Nina mengi. Kuna la glasi ya maji, kuna la kuamka saa kumi na moja. Kuna la baridi."

"Yote. Nitakaa niyasikilize."

Fundi alijipangusa uso kwa kiganja, poda ikahamia shavuni. Ilikuwa dalili ya kucheka au ya kulia, na yeye mwenyewe, kwa jinsi alivyoonekana, hakuwa na nguvu za kuamua. "Saa moja asubuhi," akasema. "Kabla haijapoa."

Wakakunja meza. Aliichukua yeye upande mmoja, Mwalimu akachukua wa pili, ingawa meza yenyewe ilikuwa ya kubebwa na mtu mmoja, na mlangoni ilibidi wageuke kinyumenyume na kuomba njia kwa watu. Ile kamba nyembamba ilibaki imefungwa ndani ya mkunjo wa meza, ncha yake ikiburuta sakafuni, mpaka Mwalimu alipoiokota akaiingiza kwenye mfuko wa koti la Fundi. Fundi alimwacha aiingize.

Gari lilikuwa limeegeshwa kwenye kivuli cha ukuta. Pamba amelala nyuma, anakoroma kama aliyeshinda. Mama alikuwa kiti cha mbele, kioo ameteremsha, mkono wake ule uliovunjika ameupakata. Aliwaangalia wakipakia meza, mabrashi, ndoo ya maji. Mlango wa nyuma ulipofungwa, akauliza:

"Mmemalizana?"

"Hapana, mama," Fundi akasema. "Ni kesho. Anakuja saa moja tugombane."

Mama alilitafakari jambo hilo huku akitazama mbele, kwenye ukuta, kama kuna kitu kimeandikwa pale.

"Saa moja nitakuwa nawalisha," akasema. "Mbwa kumi na wanne wakiona bakuli, kelele zake mnazijua, sitasikia hata neno. Mwambie aje saa mbili."

Mwalimu alikuwa amesimama kando ya kioo, hatua chache tu, lakini aliona adabu kungoja mpaka aambiwe na Fundi. Fundi alikuwa ameduwaa na ufunguo mkononi.

"Na apite mlango wa mbele," mama akaongeza, akipandisha kioo. "Huko nyuma kwenye mabanda wanapita wateja."